Namba ya Toleo

Chupa ipo kwenye friji, nyuma ya chanjo za mdondo.
Nimeifunga kwenye mfuko wa sukari, nikaandika kwa kalamu nene:
USIUZE.
Mke wangu akauliza kama ni sumu.
Sijui, nikasema. Ndiyo maana naandika.

Fomu ni ya kijani. Imelala droo ile miaka miwili,
tangu mkaguzi Minza Lugwisha afike Igoma na pikipiki yake,
akapita rafu zangu kama mtu anayekagua meno ya mbuzi mnadani,
akanipiga faini kwa dawa ya minyoo iliyopitwa na mwezi mmoja
(mwezi mmoja, jamani!),
kisha akaacha fomu hamsini juu ya kaunta:
"Hizi hazina faini."
Arobaini na tatu nimefungia misumari na mbegu za kabichi.

Sehemu ya kwanza: mnyama.
Ng'ombe, jike, chotara, miaka mitano.
Jina hawaulizi. Nimeliandika pembeni, Shilingi,
kwa sababu Nyanzobe alipokuja anahema, kanga mkononi,
hakusema ng'ombe. Alisema, "Shilingi ameanguka,"
na mteja mmoja akatazama sakafuni.

Sehemu ya pili: dawa.
Nanakili kama mtoto wa darasa la pili, herufi kwa herufi,
namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya mwisho.
Lebo imenyooka. Muhuri upo. Rangi ni ileile ya siku zote.
Lakini mwongo naye hupiga shati lake pasi.

Sehemu ya tatu: nani alichoma sindano?

Hapa nikaenda kunywa maji.
Nikafagia mlango ambao ulikuwa umefagiwa.
Leseni yangu ukutani inasema kuuza.
Haisemi kuingia zizini jioni na sindano mfukoni
kwa kuwa daktari wa kata yuko Kisesa na nauli ni ya mteja.
Nikaandika "mhudumu". Nikakata.
Nikaandika Gindu Malugu, mwenye duka,
mwandiko mdogo, lakini unasomeka.

Sehemu ya nne: eleza kilichotokea.
Dakika kumi. Mate. Kutetemeka.
Shingo ikajaa, ngumu kama gunia la pumba lililolowa.
Akashuka kwa magoti ya mbele kwanza, kama anayeingia ibadani.
Akasimama saa nne usiku, akaomba maji kwa macho.

"Kumbe hakufa," mke wangu akasema. "Sasa unaandikia nini?"

Naandikia boksi. Lilikuwa na chupa kumi na mbili.
Nne nimeuza: mbili Magu,
moja Buhongwa kwa kijana ambaye simu yake haipatikani,
moja ilipanda meli ya Ukerewe ndani ya kikapu cha nyanya.
Naandikia maziwa ya Nyanzobe, siku saba anayamwaga kwenye shina la mgomba,
na mama wa chai wa Mabatini anampigia kila asubuhi:
chemsha tu, mwenzangu, moto huua kila kitu.
Moto huua vijidudu. Dawa haina roho ya kuuawa.
Siku ya tatu nilimlipa lita zake kwa pesa ya duka.
Siku ya nne sikuwa nayo.

Nikaituma. Wiki ikapita, na nyingine.
Ziwa likaleta mvua, paa likavuja juu ya kaunta,
nikajiambia: imeenda kufungia misumari ya mtu mwingine.

Halafu namba nisiyoijua. Sauti ya binti, mpole, ana mafua.
Hakunigombeza. Hakuuliza leseni, bado.
Alisoma fomu yangu polepole, neno kwa neno, hata pembeni.
"Shilingi ndiye ng'ombe?"
Ndiye.
"Kuna mwenzako wa Bunda ameandika kama wewe.
Ila namba ya toleo, tarakimu ya mwisho:
ni moja, au ni saba?"

Nikafungua friji. Baridi ikanipanda mkono hadi kiwikoni.
Nikaifungua chupa kutoka kwenye mfuko wake wa sukari,
nikaipeleka mlangoni, kwenye mwanga.

Saba, nikasema.
Subiri, nisome tena.
Saba.